Kwa mzee wa Kagera, jino lizibwe nyumbani

Kijana aliyekuwa na miaka 20 Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, leo ni mzee aliyeshavuka 65. Huku Tanga nawatibu: askari wastaafu, na mgambo walioitwa vitani kisha wakarudi mashambani Handeni na Muheza. Wenye ulemavu ndio wanaochelewa zaidi. Wanapofika, jino limebaki la kung'oa tu.

Wengi husema tatizo ni pesa. Pesa imo, ingawa kwa sera mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Kinachomshinda ni safari. Kiti cha magurudumu hakipandi bodaboda, bajaji ni ya kukodi kwenda na kurudi, na huko aendako huenda chumba cha meno kiko ghorofani.

Ndiyo maana napigia debe kuziba jino kwa vifaa vya mkono. Uozo unakwanguliwa, kisha tundu linajazwa simenti ya glasi, ambayo inashikana na jino na kutoa floraidi (madini yanayokinga jino lisioze) kidogo kidogo. Umeme hauhitajiki, na mara nyingi hata sindano ya ganzi. Drili nayo haipo (wapo waliopigana ambao hawaupendi kabisa mlio ule, nami siwaulizi kwa nini). Vifaa vyote vinaenea mkoba mmoja. Na mbinu yenyewe ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwenye programu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam! Sasa inafahamika duniani, sisi tunaitumia shuleni zaidi kuliko kwa wazee.

Kabla ya kumgusa mdomo: "Shikamoo baba, naomba nione dawa zako." Amitriptilini, anayopewa kwa maumivu ya mguu uliokatwa, hukausha mate, na mate yakikauka meno huoza kwenye shina, karibu na fizi. Aliyeumia uti wa mgongo shingoni au juu kifuani namwangalia zaidi: maumivu, au kibofu kilichojaa tu, vinaweza kupandisha presha ghafla. Kwanza kibofu kitolewe mkojo. Akianza kuumwa kichwa na kutoka jasho, nasimamisha kazi na kumketisha wima. Kwa kawaida namtibu kwenye kiti chake mwenyewe, kichwa kikiwa kimeegemezwa.

Kwa mkono usiokaza, chomeka mswaki ndani ya mpira wa mpini wa baiskeli. Tanga mipira hiyo haiadimiki. Dawa ya meno iwe na floraidi, na akimaliza ateme bila kusukutua.

Mkoba wangu hautoshi jino likishaoza hadi kwenye neva. Na mzee akivimba chini ya taya, akapata homa au akashindwa kumeza, msinisubiri mimi: kodini bajaji, afike hospitali siku hiyo hiyo.