Mia na arobaini si dawa ya difu

Jumatatu alikuja mmoja na chupa mbili za oili ya gia, 85W-140, mkononi, keshazinunua. Alhamisi akaja wa pili na dumu zima la hiyo hiyo. Jumamosi wa tatu hakuleta oili, alileta amri: "Fundi, Tanga hapa joto, na mimi nabeba mzigo. Niwekee ile nzito." Nilipomuuliza nani kamwambia, akajibu kama wote wanavyojibu: "Si inajulikana tu."

Basi leo naandika juu ya oili ya difu, ile nyumba ya gia iliyo katikati ya ekseli ya nyuma na kugawa nguvu kwa magurudumu, maana koo limenikauka kwa kurudia maneno yale yale chini ya gari.

Naelewa yanakotoka. Wateja wangu wengi ni watu wa pikapu za kazi. Kuna wa machungwa ya Muheza, wa matofali, wa kushusha mboga kutoka Lushoto, na wengine wanaingia Pangani na kutoka kila siku. Gari linabebeshwa kupita kiasi, jua linawaka, na akili inasema kazi nzito yataka oili nzito, kama vile uji mzito ndio unaoshibisha. Tena mtu akiona chupa moja imeandikwa 90 na nyingine 140, mkono unakwenda kwenye 140 wenyewe. Nani anunue tisini wakati mia na arobaini ipo?

Tuanze na hiyo namba. Oili ya gia ina kipimo chake na oili ya injini ina kipimo chake. Wewe umezoea namba 40 ya injini, sasa unaona 90 unadhani ni nzito mara mbili. Chukua mfano wa saa. Sisi tukisema saa mbili asubuhi, mgeni wa Ulaya anasema saa nane. Jua ni lile lile, mwanzo wa kuhesabu ndio tofauti. Oili ya gia namba 90, ikipimwa kwenye nyuzi joto 100, mnato wake, huo tunaouita uzito, ni kati ya sentistoki 13.5 na 18.5. Oili ya injini namba 40 ni kati ya 12.5 na 16.3, na namba 50 inaendelea hapo mpaka 21.9. Kwa hiyo hiyo 90 unayoidharau ukubwa wake ni wa 40 au 50 ya injini. Ile 140 huanzia 24. Hapo ndipo penye uzito wa kweli, na swali ni kama difu yako imeuomba.

Haikuomba. Rudia kusoma sentensi ya juu: mnato umepimwa kwenye nyuzi 100. Aliyetengeneza oili alishaweka joto hesabuni kabla hujazaliwa. Nyuzi 32 za Tanga mwezi wa pili zinakuchosha wewe na mimi, lakini difu iliyotembea saa mbili na mzigo ina joto lake yenyewe. Vitabu vya Toyota vya Hilux za zamani viliandika wazi: pakiwa na joto zaidi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, tumia SAE 90, yaani hiyo hiyo tisini. Hakuna mstari wa pili unaosema ukifika pwani ongeza. Kwa magari mengi ya karibuni hao hao Toyota wameshuka hadi 75W-85, yaani nyepesi zaidi, na magari hayo yanauzwa jangwani.

Na ile namba yenye W ni ya baridi. 75W imepimwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W hadi 26 chini, 85W hadi 12 chini. Hata ukilala Lushoto mwezi wa saba na blanketi mbili, huko hatufiki. Kwetu sisi 80W-90 na 85W-90 ni ndugu wa tumbo moja, nunua unayoipata, usinigombanishe na muuza duka.

Sasa kinacholinda difu ni nini, kama si uzito? Ukifungua difu ya pikapu utaona pinioni, ile gia ndogo inayosukuma, haikukaa katikati ya krauni, ile gia kubwa ya duara. Imekaa chini kidogo. Kwa sababu hiyo meno hayabingiriki tu, yanasuguana kwa kuteleza, tena kwa kubanwa sana. Oili yoyote, hata ingekuwa nzito kama asali, hufutwa pale meno yanapokutana. Ndiyo maana huwekwa viungo vya salfa na fosforasi. Vikipata joto la msuguano vinashikana na chuma na kutengeneza ngozi nyembamba, na ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya jino. Wingi wa viungo hivyo ndio unaoandikwa GL-4 au GL-5. Difu ya namna hii inataka GL-5. Madukani kuna 140 nyingi za bei nafuu, geuza chupa usome nyuma: GL-4. Umelipia uzito, ukaacha kinga dukani. Tisini ya GL-5 inailinda krauni yako kuliko hiyo.

Na uzito nao una gharama. Beringi ya mbele ya pinioni, ile iliyo karibu na sili (mpira unaozuia oili isivuje), haiogelei kwenye oili. Inasubiri oili inayorushwa na krauni ipite kwenye njia yake mpaka iifikie. Oili nzito inachelewa kufika, halafu krauni inafanya kazi ya kuikoroga mchana kutwa, na kukoroga huko kunazaa joto na kula dizeli. Sisemi difu itakufa kesho. Wapo watengenezaji wanaoruhusu 85W-140 kwa kazi maalumu. Kitabu cha gari lako kikisema hivyo, lete nikuwekee bila neno.

Ninachogombana nacho ni 140 kama dawa ya mlio. Ami yangu mmoja, mtu mzima wa machungwa, difu yake ilianza kuimba akikanyaga mafuta barabara kuu. Akaambiwa kijiweni aweke nzito. Akaweka, ikanyamaza kweli. Wiki ya tatu ikarudi na sauti ya kusaga, na mimi nilipofungua nikamwaga oili yenye vipande vinavyong'aa. Beringi ya pinioni ilishapoteza umbo, pinioni ikawa inacheza, meno ya krauni yamechanika. Siku ya kwanza angenijia ningebadilisha beringi na sili, nikapanga upya, akaenda zake. Alinunua difu nzima iliyotumika. Oili nzito haikutibu kitu, ilimziba mgonjwa mdomo.

(Kuna wanaotia unga wa mbao ili difu inyamaze siku ya kuuza gari. Nimeukuta. Kumsafisha mnyama yule kulinichukua siku nzima, na aliyeuza hapokei simu.)

Kama gari linalia, sikiliza kwanza. Sauti inayobadilika ukikanyaga na ukiachia mafuta, hiyo ni ya difu. Inayobadilika ukikata usukani kulia na kushoto, tazama beringi za magurudumu. Inayobadilika lami ikiwa mpya au ikiwa chakavu, ni tairi. Mara ngapi nimeletewa "difu imekufa", nikabadilisha tairi mbili za nyuma na mlio ukaisha!

Mengine niyapitie haraka.

"GL-5 ni kubwa, basi tia na kwenye giaboksi." Hapana. Ndani ya giaboksi ya mkono kuna sinkro, pete za kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, nyingi ni za shaba ya njano, na kazi yake ni kushika kwa msuguano. Salfa ya GL-5 ikiwa kali inaweza kuila shaba, na utelezi wake unazifanya zisishike, gia inaingia kwa kukwaruza. Ukiona giaboksi imeandikiwa GL-4, mpe GL-4. Dumu moja kwa kila kitu ni uvivu wa fundi.

"Oili ya injini iliyobaki inatosha." Haina viungo vile nilivyosema. Na yule anayetia oili chafu aliyoimwaga kwenye injini, mimi sina la kuongea naye.

"Inaingia lita tatu." Nani kapima? Difu hutofautiana, na oili ya zamani haitoki yote. Weka gari mahali tambarare kabisa, si mbele imepandishwa jeki, jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, au chini yake kwa milimita tano zisizidi. Ingiza kidole, pinda, gusa. Ukizidisha, oili itatafuta njia kwenye sili za ekseli, na baada ya sili inayofuata ni breki. Nimeona pikapu inashuka Mombo na breki za nyuma zimelowa oili ya gia.

"Inanuka na nyeusi, imeungua." Oili ya gia inanuka hata ikiwa mpya, ile ni salfa. Weusi peke yake hauniambii kitu. Mimi natazama sumaku ya nati ya chini. Tope laini la kijivu kama wanja ni uchakavu wa kawaida. Punje unazozihisi kati ya vidole, au kipande chenye umbo, hapo tunaongea.

"Nimeisafisha kwa dizeli ikang'aa." Na dizeli iliyobaki kwenye pembe za nyumba ya difu imechanganyika na oili mpya uliyoinunua kwa bei. Imwage oili ikiwa ya moto, baada ya safari, uiache idondoke muda wa chai na andazi. Inatosha.

Kuhusu difu za LSD, zile zinazozuia gurudumu moja lisizunguke bure, wanaojua wanazo hawaniulizi, na wasiojua ndio wanaoharibu. Ukiinua magurudumu yote mawili ya nyuma, gia ikiwa huru, mbele umeweka kigingi na gari limekaa juu ya stendi (si jeki tupu, tafadhali), zungusha gurudumu moja. La pili likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Likienda upande mmoja na lenzake, huenda ni LSD, na hiyo inataka oili iliyoandikwa LSD. Ukiweka ya kawaida utasikia ikigugumia na kutikisika kila ukikata kona.

Nirudi kwenye moja inayoniudhi karibu sawa na ile 140: "Haijavuja, ya nini kuibadilisha?" Kwa mtu wa Dodoma ningejibu kwa upole. Wewe unarudisha pikapu ufukweni kupokea samaki, masika unapita kwenye maji yaliyovuka barabara, halafu unaniambia haijavuja. Difu hainyonyi maji kwa sababu imetoboka. Ina kipumulio juu, mafundi tunakiita briza. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka na kutoka hapo. Ukiizamisha ghafla ikiwa ya moto, hewa ile inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu: maji ya mto, maji ya bahari, mchanga wake. Briza ikiwa imeziba kwa tope ni balaa kubwa zaidi, maana difu itavuta kupitia sili, na siku ya joto itasukuma oili nje kupitia sili hizo hizo. Watu wananunua sili tatu mfululizo na hawajawahi kuigusa briza. Ipulize, ioshe, ukiweza iunganishie mpira uupandishe juu karibu na tenki.

Maji yakishaingia, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo haisubiri kilomita. Imwage siku hiyo hiyo, weka mpya, tembea kidogo, imwage tena. Maji ya chumvi yanakula beringi hata gari likiwa limelala uani. Kwa hali ya kawaida mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, gari la mzigo 20,000, na gari linaloingia majini nalifungua nati kila baada ya masika, hata kwa kuchungulia tu.

Na mtu akitaka kujifanyia mwenyewe nyumbani, nampa sharti moja. Fungua nati ya kujazia kwanza, kabla hujagusa ya kumwagia. Isafishe kwa brashi, ipulizie dawa ya kutu, tafuta spana inayoienea sawasawa, uhakikishe imezunguka. Ikishafunguka ndipo umwage. Kijana mmoja wa Makorora alidharau neno hili, akaanza na ya chini, akamwaga yote barazani kwa shemeji yake kule Korogwe. Kufika ya juu, imeshikana na kutu, spana ikala kona zote za nati. Difu tupu, gari halitembei, mzigo wa kabichi juu. Alilala Korogwe siku mbili akimsubiri mchomeleaji, na kabichi zikaliwa na mbuzi wa shemeji.