Kabla Hujalalamikia Majibu ya Kipimo cha Homoni

Malalamiko yanayotufikia maabara siku hizi yanafanana. Mtu amepima kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, mara mbili, asubuhi na jioni, majibu yamepishana sana, naye anaamini damu yake imechanganywa na ya mtu mwingine. Kila lalamiko tunalifuatilia. Mara nyingi sampuli ni yake na mashine haina hitilafu. Kotisoli hupanda alfajiri, hufika kileleni karibu na saa ya kuamka, kisha hushuka mpaka usiku wa manane. Majibu kupishana hivyo ni dalili ya afya. Kinachotutia wasiwasi ni kotisoli isiyoshuka usiku.

Wengi hudhani uwiano wa mwili ni kiwango kimoja kisichosogea. Sivyo, mwili hujirekebisha kila wakati. Chukua kitendo cha kuinuka kitandani. Ukisimama tu, karibu nusu lita ya damu huteremkia miguuni na tumboni. Vihisio vilivyomo kwenye mishipa mikubwa ya damu ya shingoni na karibu na moyo hugundua kwamba presha imepungua na kupeleka taarifa kwenye shina la ubongo. Amri hurudi kupitia mishipa ya fahamu: moyo uongeze mapigo, mishipa ya damu ijibane. Haya yote humalizika ndani ya sekunde chache, na ndiyo maana huanguki. Homoni zisingewahi, kwa kuwa husafiri na damu.

Lakini ukishinda bila kunywa maji, zamu ya homoni hufika. Ubongo humwaga homoni inayoziamuru figo zizuie maji, na mkojo hukolea rangi. Homoni hiyo hutengenezwa na seli za neva zenyewe, katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na kuingia kwenye damu kupitia ncha za seli hizo. Kwa hiyo swali la "tatizo langu ni la neva au la homoni?" mara nyingi hutenganisha vitu ambavyo mwili wenyewe haukuvitenganisha.

Lipo kosa moja linalotusumbua kuliko mengine. Kwenye majibu ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kuna kipimo kinachoandikwa TSH. Mgonjwa akiona TSH iko juu, huamua kwamba homoni imezidi, na wapo wanaoacha dawa siku hiyo hiyo. Tafadhali msifanye hivyo! TSH haitoki kwenye thairoidi. Hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, nayo ni amri ya kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Thairoksini, yaani homoni ya thairoidi yenyewe, ikipungua, pituitari huongeza amri, ikizidi, huipunguza. Basi TSH iliyo juu kwa kawaida inamaanisha thairoidi imelegea, na aliyeacha dawa ameongeza tatizo.

Sasa utaratibu. Kwa kipimo cha kotisoli cha asubuhi, damu hutolewa kati ya saa 2 na saa 3. Saa 5 si asubuhi kwa kipimo hiki. Fomu iandikwe saa ambayo damu imetolewa na dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango na krimu za ngozi zenye steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli. Mwenye hedhi aandike tarehe ya hedhi ya mwisho. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini viachwe angalau siku 2 kabla, kwa sababu huvuruga baadhi ya mashine na kutoa majibu ya uongo. Aliyebadilishiwa dozi ya thairoksini arudi kupima TSH baada ya wiki 6: nusu ya homoni hii huchukua takriban siku 7 kuondoka kwenye damu, na pituitari nayo huchelewa kutulia. Sampuli isiyo na saa haipokelewi, hata ukiwa umetoka mbali. Utatolewa damu upya.

Kipimo cha "homoni zote" hakipo. Homoni zinazojulikana ni zaidi ya 50, na daktari huchagua kufuatana na dalili. Dawa moja ya "kusawazisha homoni" nayo haipo. Anayeiuza hajui ni homoni ipi unayo pungufu na ipi imezidi.

Wanaotumia vidonge vya steroidi, kama prednisoloni, kwa zaidi ya wiki 3 wasiviache ghafla. Ubongo ukiona steroidi zimejaa kwenye damu, huacha kuziamuru tezi za juu ya figo, nazo hulala. Kuamka huzichukua wiki, wakati mwingine miezi. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo ili kuzipa muda. Ukitapika na vidonge visikae tumboni, ukaishiwa nguvu au kusikia kizunguzungu kila ukisimama, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia anayekupokea liwe kwamba unatumia steroidi.