Joto, asidi na chumvi kwa pamoja: seli hujitetea vipi?

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu viumbe wadogo wa mazingira makali hujengwa juu ya hesabu ya kujumlisha: kama yupo anayestahimili joto, na yupo anayestahimili chumvi, kwa nini asiwepo wa vyote? Wapo, lakini si kwa kujumlisha, kwa sababu ndani ya seli dawa ya shida moja huweza kuiponya ya pili au kuichochea.

Joto na asidi hupatana. Sulfolobus acidocaldarius, arkea (kiumbe wa seli moja anayefanana na bakteria lakini wa ukoo tofauti) aliyeelezwa mwaka 1972 na Thomas Brock na wenzake kutokana na chemchemi za Yellowstone, Marekani, hustawi kwenye nyuzi joto 75 hadi 80 za Selsiasi na pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni magadi) ya 2 hadi 3. Lipidi (molekuli za mafuta) za utando wake, yaani ngozi ya seli, huvuka kutoka upande wa ndani hadi wa nje bila kukatika katikati, na vifungo vyake vya kikemia ni vya etha, vilivyo vigumu kuvunjika, badala ya esta. Utando huo hauachani kwa joto, na papo hapo hauruhusu protoni, chembe zinazoleta asidi, kupenya ovyo. Ukavu na mionzi hupatana vivyo hivyo: bakteria Deinococcus radiodurans huiunga upya DNA yake iliyovunjika vipandevipande, iwe imevunjwa na mionzi au na kukauka. (Nadhani ukavu ndio uliomfunza, maana mionzi ya kiwango anachokistahimili haipatikani kiasili duniani.)

Magadi, chumvi na joto ni kazi ngumu zaidi. Natranaerobius thermophilus, bakteria wa maziwa ya Wadi An Natrun nchini Misri, hupendelea pH ya 9.5 na nyuzi joto 53, katika maji yenye chumvi nyingi mno. Nje protoni ni haba na sodiamu imejaa, tena joto huufanya utando uvuje. Hivyo seli hutegemea protini za utando zinazoitoa sodiamu huku zikiingiza protoni, na kazi hiyo haina mapumziko.

Asidi na chumvi ndizo zinazogombana hasa. Wapenda asidi wengi huuweka upande wa ndani wa utando na chaji chanya, ili protoni za nje zisukumwe mbali. Ukiongeza chumvi, kloridi yenye chaji hasi huvutwa na chaji hiyohiyo, huingia na kuibatilisha, kisha protoni hufuata na seli hutiwa asidi kutoka ndani. Ndiyo maana sikushangaa mwaka 2019 kundi moja la watafiti liliporipoti kwamba halikuona dalili ya uhai katika madimbwi ya Dallol, Ethiopia, yenye joto, asidi kali na chumvi iliyokolea. Kundi jingine lilisema mwaka huohuo kwamba limeona alama za arkea wadogo sana, lakini alama za kiumbe ndani ya dimbwi hazithibitishi kwamba kiumbe huyo anakua humo, na mpaka aoneshwe akigawanyika ninabaki upande wa kundi la kwanza.