Je, wajua kwa nini Japani iliacha kuangalia ukali wa moshi wa viwanda, ikaanza kuupima kwa kilo?

Mwaka 1958, kiwanda cha kemikali cha Chisso mjini Minamata, kusini mwa Japani, kilihamisha mdomo wa mfereji wake wa majitaka. Maji yenye zebaki kutoka mtambo wa asetaldehaidi, kemikali ya kiwandani, yalikuwa yakimwagwa kwenye bandari ndogo ya Hyakken. Sasa yakapelekwa kwenye mlango wa Mto Minamata, penye maji mengi na bahari pana. Miezi michache baadaye wagonjwa wa sumu ya zebaki wakaanza kuonekana katika vijiji vya kaskazini vilivyokuwa salama. Zebaki haikupungua hata gramu moja. Ilibadilishiwa njia tu, na samaki wakaendelea kuikusanya mwilini.

Japani ilirudia kosa lilelile angani, na ndiko ilikojifunzia jibu la swali letu. Ukali wa uchafu, yaani kiasi chake ndani ya kila kipimo cha maji au hewa, ni namba inayoshuka ukiongeza maji au hewa. Uzito hauchakachuliwi namna hiyo.

Chukua mji wa Yokkaichi, Mkoa wa Mie, kando ya Ghuba ya Ise. Viwanda vyake vya petrokemikali vilianza kazi kwa nguvu mwaka 1959, vikichoma mafuta mazito ya asili ya Mashariki ya Kati yenye salfa karibu asilimia 3. Tani 1 ya mafuta hayo ina kilo 30 za salfa. Kila kilo ya salfa ikiungua hujibebea kilo nyingine ya oksijeni, kwa hiyo dohani, yaani bomba la moshi, inatoa kilo 60 za dioksidi ya salfa. Kurekebisha tanuri hakusaidii: masizi hupungua moto ukiwaka vizuri, lakini salfa huungua vilevile. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji cha wavuvi, Isozu, na huko pumu ikashamiri.

Sheria ya moshi ya mwaka 1962 ilikuwapo, ila ilitazama ukali kwenye mdomo wa dohani. Mafuta ya aina hiyo yakichomwa kwa hewa ya kawaida hutoa moshi wenye takriban sehemu 1,500 za dioksidi ya salfa katika sehemu milioni. Ingiza hewa maradufu, namba inashuka kwa nusu, na zile kilo 60 ziko palepale. Tena kiwanda kinaweza kujenga tanuri la pili, la tatu na la kumi, kila moja likiwa ndani ya kikomo.

Mwaka 1967 ikaja Sheria ya Msingi ya kudhibiti uchafuzi, ambayo ilibeba kifungu kilichotaka ulinzi wa mazingira uende sambamba na ustawi wa uchumi. Kwa maoni yetu, kifungu hicho kilikuwa mlango wa nyuma: kila hatua ghali ingeweza kupingwa kwa jina la uchumi. Bunge lilikifuta mwishoni mwa 1970, katika kikao kilichopitisha sheria 14 za uchafuzi kwa mkupuo, na Julai 1971 Wakala wa Mazingira ukaanza kazi.

Kabla ya hapo, sheria mpya ya hewa ya mwaka 1968 ilikuwa imeleta kanuni iliyojulikana kama thamani ya K. Kiasi cha dioksidi ya salfa kinachoruhusiwa, kwa mita za ujazo kwa saa, ni K mara 0.001 mara urefu wa dohani uliozidishwa kwa wenyewe. Urefu unaohesabiwa ni ule wa dohani pamoja na umbali ambao moshi wa moto hupaa kabla ya kulala. Kadiri K ilivyo ndogo ndivyo eneo linavyobanwa. Baada ya kukazwa mara kadhaa, maeneo yaliyobanwa zaidi yalifikia 3.0. Kwa K hiyo, urefu wa mita 100 unaruhusu mita za ujazo 30 kwa saa, yaani kilo 86 hivi. Ukiwa mita 200 zinaruhusiwa 120, karibu kilo 343. Urefu maradufu, ruhusa mara nne! Haishangazi kwamba viwanda vilishindana kujenga dohani ndefu.

Dohani ndefu si upuuzi, maana walio chini yake hupata nafuu, na Isozu ilipata. Lakini moshi huteremka mbele ya safari, na penye dohani nyingi, mikia yake huangukia mahali pamoja. Eneo lililochafuka likapanuka.

Wagonjwa tisa wa Isozu walikuwa wameshtaki kampuni sita mwaka 1967. Tarehe 24 Julai 1972 mahakama iliamua kwamba kampuni zilizojengwa pamoja na kuendeshwa kwa kutegemeana zinawajibika pamoja, na kwamba kutii viwango vya serikali hakuziondolei lawama. Fidia ilikuwa takriban yeni milioni 88.

Mwaka huohuo Mkoa wa Mie ukaanza kudhibiti jumla ya uchafu, na sheria ya taifa ikafuata mwaka 1974. Hesabu sasa ikageuzwa: mtu haanzii tena kwenye dohani, anaanzia kwenye pua ya mkazi. Kiwango cha hewa safi kilichotangazwa mwaka 1973 ni wastani wa siku usiozidi sehemu 0.04 katika milioni. Wataalamu huchora upepo, dohani na joto la moshi, wakatafuta eneo zima linaweza kubeba kilo ngapi bila kuvuka kiwango hicho, kisha jumla hiyo hugawanywa. Mgawo wa kiwanda hufuata mafuta kinayochoma kwa saa, yakipandishwa kwa kipeo kati ya 0.80 na 1. Kwa kipeo cha 0.80, anayechoma mara kumi zaidi hapati mgawo mara kumi, anapata mara 6.3. Mkubwa anabanwa zaidi kwa kila lita.

Kilo zikishahesabiwa, ujanja wa hewa umekwisha. Zimebaki njia mbili: kuondoa salfa kwenye mafuta kwa haidrojeni kabla ya kuyachoma, au kuosha moshi kwa uji wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kilo 60 za dioksidi hula kilo 94 hivi za mawe hayo na kuacha kilo 161 za jasi, ambayo huuzwa kwa watengeneza saruji na mbao za ukutani. Mtambo huu una maudhi yake. Jasi hugandia kwenye mabomba na vipulizo uji ukiachwa bila kusawazishwa. Vilevile, moshi uliooshwa hutoka ukiwa na nyuzi 50 hadi 60 tu, haupai, na ule urefu wa ziada uliohesabiwa unayeyuka. Ndiyo maana mitambo mingi huupasha moshi moto tena kabla ya kuuachia.

Tangu 1974, kilo zikapewa na bei. Viwanda vilitozwa kwa kila mita ya ujazo ya oksidi za salfa, na tozo hiyo ikalipa asilimia 80 ya fidia ya wagonjwa wa hewa chafu. Asilimia 20 iliyobaki ilitoka kwenye kodi ya uzito wa magari. Yokkaichi ilifikia kiwango cha hewa mwaka 1976.

Majini, udhibiti wa jumla ulianza kwa sheria ya 1978 katika Ghuba ya Tokyo, Ghuba ya Ise na Bahari ya Ndani ya Seto. Kiwanda kinachotoa mita za ujazo 1,000 kwa siku zenye miligramu 100 za uchafu kwa lita kinatoa kilo 100. Kikichanganya maji safi mita nyingine 1,000, kipimo kinasoma 50, kilo ni 100 zilezile. Wanaohusika ni wanaotoa mita 50 na zaidi kwa siku. Wa mita 400 na kuendelea hupima kila siku, wa 200 hadi 400 kila wiki, wa 100 hadi 200 kila wiki mbili, na walio chini ya hapo mara moja kwa siku 30.

Na ile zebaki ya Minamata? Chisso ilizima mtambo wa asetaldehaidi Mei 1968. Zebaki nyingi ilikuwa imetua kwenye tope la ghuba. Kuanzia 1977 hadi 1990, tope lenye zebaki ya sehemu 25 au zaidi katika milioni, mita za ujazo zipatazo milioni 1.5, lilinyonywa au kufukiwa. Ghuba ikapoteza hekta 58 zilizogeuzwa nchi kavu, kwa gharama ya yeni bilioni 48.5 hivi.