Uwepo wa mwalimu katika masomo ya mtandaoni: maana yake ni nini?

Uwepo wa mwalimu ni ile hali ya mwanafunzi kuhisi kwamba kozi ina mwenyewe: kuna mtu aliyeipanga, anayeifuatilia, anayesoma anachoandika mwanafunzi na kumjibu. Sura yake si lazima ionekane. Mhadhiri anaweza kupakia video 40 na bado asiwepo. Mwingine hajajirekodi hata mara moja, ila wanafunzi wote wanajua yupo.

Dhana hii ilipata umbo mwaka 2000, pale Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipoeleza kwamba masomo ya mtandaoni yanahitaji uwepo wa aina tatu. Upo wa kijamii, wanafunzi wanapojuana na kuzungumza kwa uhuru. Upo wa kifikra, wanapolihangaikia swali hadi likaeleweka. Na upo wa ufundishaji, yaani kuipanga kozi, kuongoza mijadala na kufundisha moja kwa moja pale mtu anapokwama. Waliuita wa ufundishaji, si wa mwalimu, kwa kuwa hata mwanafunzi anayemwelewesha mwenzake anabeba sehemu ya kazi hiyo. Hata hivyo, mwalimu akitoweka, mijadala hupoa upesi.

Chukua mwanafunzi wa takwimu anayeshinda kazini na kufungua kozi saa nne usiku. Anauliza kuhusu kukokotoa mtawanyiko wa data: kwa nini tumegawa kwa n (idadi ya vipimo) kutoa moja, si kwa n? Kesho yake anakuta jibu: "Rudi kwenye mstari wa tatu wa hesabu yako. Wastani uliotumia umeutoa kwenye sampuli hiyohiyo, kwa hiyo tofauti zinaonekana ndogo kuliko zilivyo. Jaribu tena, kisha uniambie umepata nini." Jibu hilohilo likifika baada ya siku tisa, zoezi limeshafungwa na yeye ameshaacha kuuliza. Mfumo ni uleule, video ni zilezile.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona uongozi wa chuo, ukitakiwa kuboresha masomo ya mtandaoni, unaanza kwa kununua mfumo mpya. Mkuu wa idara angeanza na maswali mawili. Swali la mwanafunzi hukaa muda gani bila jibu? Mrejesho wa zoezi la kwanza unarudi kabla ya la pili kukusanywa? Kisha aangalie mzigo wa mhadhiri. Kusoma na kujibu wanafunzi 300 ni kufundisha, na saa hizo zinapaswa kuhesabiwa kama vipindi vya darasani. Pasipo hivyo, tunamdai mtu uwepo ambao hatukumpa nafasi ya kuutoa.

Uwepo hauna maana ya kukesha mtandaoni. Mhadhiri akitangaza wiki ya kwanza kwamba hujibu ndani ya siku mbili za kazi, kisha akalishika neno lake, wanafunzi hutulia. Wala si kujibu kila kitu: anayewahi kila hoja kwenye mjadala huwanyima wanafunzi nafasi ya kujibizana. Wakati mwingine inatosha aandike, "Hoja hizi mbili zinapingana. Nani anaweza kuonyesha zinapoachana?" kisha asubiri hadi kesho.