STP kwenye swichi za kampuni tofauti: kwa nini huelewana nusu nusu

Fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data ambacho swichi za mtandao hupitishiana, haina kikomo cha safari. Pakiti ya IP hubeba namba inayopungua kila inapopita ruta, na ikifika sifuri hutupwa. Fremu haina kitu cha namna hiyo. Ndiyo maana swichi tatu zikiunganishwa kwa duara, tangazo moja tu (fremu iendayo kwa vifaa vyote) linatosha: litanakiliwa na kuzungushwa bila kukoma mpaka mtandao mzima ulemewe. STP (Spanning Tree Protocol), itifaki iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa Digital Equipment Corporation, na ikawa kiwango cha 802.1D cha IEEE, shirika la viwango vya kiufundi, mwaka 1990, huondoa hatari hiyo kwa kufunga baadhi ya poti. Njia zinazobaki wazi huwa na umbo la mti, na mti hauna duara.

Ili mti upatikane, swichi hutumiana ujumbe uitwao BPDU, kwa kawaida kila sekunde 2. Kwa ujumbe huo huchagua swichi moja iwe mzizi, kisha kila nyingine hutafuta njia yake ya gharama ndogo kuelekea mzizi huo. Njia za ziada hufungwa na kusubiri, zikihitajika zifunguliwe.

Hapo kila mtengenezaji atakwambia swichi yake inatumia STP. Kauli hiyo bado haijasema kitu. Swali ni: inajenga miti mingapi?

STP ya awali, na RSTP iliyoiharakisha mwaka 2001, hujenga mti mmoja kwa mtandao wote, hata kama una VLAN (mitandao pepe iliyogawanywa ndani ya swichi zilezile) mia. Cisco, mtengenezaji wa swichi, ilikwenda njia yake kwa PVST+, na baadaye Rapid PVST+: kila VLAN ina mti wake. MSTP ya IEEE ikaja katikati, ambapo VLAN hugawanywa katika makundi na kila kundi hupata mti mmoja. Ukiunganisha swichi za falsafa hizi tofauti, mara nyingi taa zitawaka na data itapita. Ni lugha gongana ya kimyakimya, kila upande ukidhani umeeleweka.

Tuchukue swichi ya Cisco yenye PVST+ ikiwa imeunganishwa na swichi ya kampuni nyingine yenye RSTP tu. Kwa VLAN 1, Cisco hutuma BPDU ya kawaida kwenda anwani ya MAC (anwani ya kifaa kwenye Etheneti) 01:80:C2:00:00:00, ambayo swichi yoyote ya kiwango huisikiliza. Kwa VLAN nyingine hutumia anwani yake yenyewe, 01:00:0C:CC:CC:CD. Swichi ya pili haiijui anwani hiyo, kwa hiyo huuchukulia ujumbe kama data ya kawaida na kuusambaza ndani ya VLAN husika. Matokeo yake, swichi mbili za Cisco zilizo pande mbili za hiyo ya kigeni huonana kana kwamba zimeunganishwa kwa kebo moja. Ujanja huu una akili, na kwa kawaida hufanya kazi.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, swichi ya RSTP ikifunga poti, imeifunga kwa VLAN zote, kwa hiyo mpango wako wa kupitisha VLAN 10 kushoto na VLAN 20 kulia unakufa hapo. Pili, na hili ndilo la kuogopa, kichujio kilichowekwa kwenye swichi ya kati kinaweza kuzitupa zile BPDU za Cisco huku kikiacha data ipite. Sasa hakuna anayeliona duara, na duara lipo.

MSTP inapendeza zaidi kwa mtandao mchanganyiko kwa sababu ni kiwango cha wazi, lakini ina masharti ya karani mkali. Swichi huhesabiwa kuwa za eneo moja pale tu jina la eneo, namba ya toleo na jedwali la VLAN vinapolingana vyote. Jedwali lenyewe halitumwi. Hutumwa muhtasari wake uliokokotolewa kwa kanuni ya hesabu iitwayo MD5, kwa hiyo VLAN moja tu ikiwekwa kwenye kundi tofauti, muhtasari hubadilika wote. Tena, kiwango kinataka jina la awali la eneo liwe anwani ya MAC ya swichi yenyewe. Ukiwasha MSTP bila kugusa mipangilio, unaweza kupata maeneo mengi kama zilivyo swichi, na hakuna atakayelalamika, lakini utakaofanya kazi ni mti wa pamoja unaoyaunganisha tu.

Eneo la MSTP likipakana na PVST+, mzizi wa VLAN zote uweke ndani ya eneo hilo. Ukiuacha wa VLAN fulani nje na wa nyingine ndani, swichi ya Cisco iliyo mpakani itaona taarifa zinazopingana na kuizuia poti.

Gharama za njia nazo husahaulika. Hesabu ya zamani huipa gigabiti 1 gharama ya 4 na megabiti 100 gharama ya 19. Hesabu mpya huipa gigabiti 1 gharama ya 20,000 na gigabiti 10 gharama ya 2,000. Swichi inayopokea taarifa mbili, moja ikisema mzizi uko mbali kwa 19 na nyingine kwa 2,000, itachagua 19 bila kusita, yaani itaiacha barabara ya gigabiti 10 na kupita kwenye kichochoro cha megabiti 100. Chagua hesabu moja kwa swichi zote.

Na mzizi usiuachie bahati. Swichi yenye namba ndogo ya kipaumbele ndiyo huwa mzizi. Kipaumbele cha awali ni 32768 karibu kila mahali, hivyo mshindi huwa mwenye anwani ndogo ya MAC, na aghalabu hiyo ni swichi kuukuu iliyosahaulika kwenye kona. Mafahali wawili hawakai zizi moja: mpe mmoja 4096, wa akiba 8192, wengine wabaki walivyo.

Kisha pita kwenye kila swichi uiulize mzizi wake ni nani. Majibu yakikutana kwenye anwani moja kwa kila mti, chomoa kebo moja inayotumika na uhesabu. RSTP hupata njia nyingine ndani ya sekunde chache. Ukifika sekunde 30, kuna poti iliyowahi kusikia BPDU ya STP ya zamani na kurudi kwenye mwendo wake, na haitatoka huko mpaka uilazimishe kukagua upya au uizime na kuiwasha.