Umekosa NCAA: kuna haja ya kucheza NIT?

Kila Machi, orodha ya timu 68 za NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani, na ndivyo tunavyoyaita pia mashindano yake makubwa) ikishatangazwa, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa wazazi ambao vijana wao wanacheza kikapu vyuoni Marekani. Swali ni lile lile: "Kocha, timu ya kijana haikuingia ile kubwa, lakini wamealikwa kwenye mashindano mengine. Hayo yana maana yoyote, au wanapoteza muda?"

Zamani nilikuwa najibu "yana maana" bila kufikiri mara mbili. Siku hizi namuuliza mzazi kwanza: katika wachezaji wanaoanza, wangapi watakuwepo chuoni hapo msimu ujao?

Nieleze kwanza tunazungumzia nini. Divisheni ya kwanza ya wanaume ina vyuo zaidi ya 350, kwa hiyo wanaoachwa nje ya zile 68 ni umati. Kwa ajili yao kumekuwa na mashindano mengine: NIT yenye timu 32, halafu CBI iliyoanza mwaka 2008, CIT iliyofuata mwaka 2009, na mwaka 2025 ikaja Crown kule Las Vegas. Mwaka 2016 kulikuwa hata na Vegas 16, ambayo licha ya jina lake ilipata timu nane tu, ikachezwa mara moja na kufa. Hiyo pekee inaonyesha kuna ngazi fulani ambayo chini yake vyuo vyenyewe havioni sababu ya kufunga mizigo.

NIT haikuzaliwa ndogo. Ilianza mwaka 1938 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mwaka mmoja kabla ya NCAA, na kwa muda mrefu ilikuwa na hadhi ya kushindana nayo. Mwaka 1950 chuo cha CCNY kilitwaa makombe yote mawili katika msimu mmoja, na fainali zote mbili kiliifunga Bradley. Hadi mwaka 1970 kocha wa Marquette, Al McGuire, aliweza kuukataa mwaliko wa NCAA kwa sababu hakupenda kanda aliyopangiwa, akaenda New York na kuchukua NIT. NCAA haikupenda. Ikaweka kanuni kwamba chuo kikialikwa kwake hakiruhusiwi kwenda kwingine. Kisha ikapanuka: timu 32 mwaka 1975, timu 64 mwaka 1985. Kila ilipopanuka, ilichota timu nzuri kutoka NIT. Mwaka 2005, baada ya kesi ya kibiashara mahakamani, NCAA ikainunua NIT yenyewe kwa mpango wa dola milioni 56.5. Tangu hapo mshindani wa zamani anaishi nyumbani kwa aliyemshinda, na mashabiki wa Marekani huimba "N-I-T! N-I-T!" kuwazomea wapinzani wanaoelekea kukosa mashindano makubwa.

Sasa faida iko wapi? Wengi hutazama kombe. Mimi natazama saa za mazoezi. Kwa kanuni za NCAA, timu iliyo ndani ya msimu inaruhusiwa saa 20 kwa wiki za shughuli za lazima. Msimu ukiisha, zinashuka hadi 8. Kwa hiyo timu inayoendelea kucheza wiki mbili au tatu za ziada inapata mazoezi kamili ya timu nzima wakati wenzake wamebaki na gym na kupiga mitupo. Juu ya hayo kuna mechi za mtoano, za kushindwa-unarudi-nyumbani, ambazo kijana wa mwaka wa kwanza hawezi kuzipata kwenye mazoezi hata ukimfokea vipi.

Mfano ninaoupenda ni chuo cha VCU (Virginia Commonwealth). Mwaka 2010, katika msimu wa kwanza wa kocha Shaka Smart, walitwaa CBI kwa kuifunga Saint Louis mara mbili mfululizo kwenye fainali. Nyota wao Larry Sanders akaenda NBA. Lakini Joey Rodriguez, Bradford Burgess na Jamie Skeen walibaki. Mwaka uliofuata wakaingizwa NCAA kwa mlango wa nyuma kabisa, ile raundi ya awali iitwayo First Four, huku wachambuzi wa televisheni wakilalamika kwamba hawakustahili. Wakazifunga USC, Georgetown, Purdue, Florida State, kisha Kansas, wakafika nusu fainali ya taifa na kutolewa na Butler.

Loyola ya Chicago ni hadithi ya polepole zaidi. Walichukua CBI mwaka 2015 wakiwa na vijana wawili wa mwaka wa kwanza, Donte Ingram na Ben Richardson. Wakati huo chuo hakikuwa kimegusa NCAA tangu mwaka 1985. Mwaka 2018, wawili hao wakiwa mwaka wa mwisho, Ingram alitupa pointi tatu ya sekunde za mwisho iliyoiua Miami, na Richardson akafunga pointi 23 dhidi ya Kansas State kuipeleka Loyola nusu fainali ya taifa.

Je, CBI ndiyo iliyowafikisha huko? Hapa lazima tuwe waangalifu. Timu inayoshinda mashindano madogo mara nyingi ilikuwa tayari inapanda. Kombe linaweza kuwa dalili tu ya kitu kilichokuwa kinakuja. Ushahidi wa upande wa pili uko kwa mtu tunayemfahamu vizuri. Msimu wa kwanza wa Hasheem Thabeet kule Connecticut, 2006-07, timu ilimaliza na ushindi 17 na vipigo 14 na haikucheza mashindano yoyote baada ya msimu, hata NIT. Miaka miwili baadaye Mtanzania huyo wa mita 2.21 alikuwa nusu fainali ya taifa pamoja na A.J. Price na Jeff Adrien, ambao nao walikuwepo kwenye ule msimu mbovu. Hawakuhitaji NIT kukua. Walichohitaji ni kubaki pamoja, kitu ambacho VCU na Loyola nao walikuwa nacho.

Na hicho ndicho kimebadilika. Leo mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa benchi msimu mzima, na anaweza kulipwa kwa jina na sura yake. Machi 2024 dirisha la uhamisho lilifunguliwa siku moja tu baada ya NCAA kutangaza timu zake. Jiweke kwenye nafasi ya kocha wa chuo kikubwa: nusu ya kikosi ina wakala anayepiga simu, wewe mwenyewe unapaswa kuanza kusajili warithi wao, halafu unaletewa mwaliko wa NIT. St. John's walikataa. Oklahoma wakakataa, Pittsburgh wakakataa, Indiana nao. Kichekesho ni kwamba mwaka huo huo NIT ilikuwa imebadilisha kanuni kuwapendelea hao hao. Iliondoa nafasi ya moja kwa moja ya mabingwa wa ligi ndogo waliokosa NCAA, ikazihakikishia ligi sita kubwa timu mbili mbili. Wakubwa waliotengewa viti wakaviacha vitupu.

Aliyeyanogesha mashindano yale alikuwa mdogo. Indiana State, chuo alichosoma Larry Bird, walikuwa mabingwa wa msimu wa kawaida wa ligi yao na bado NCAA ikawaacha. Wakaicheza NIT kama watu wenye deni la kudai, wakiongozwa na Robbie Avila, kijana mnene mwenye miwani ya michezo na pasi za ajabu. Fainali ilichezwa Hinkle Fieldhouse, Indianapolis, mwendo mfupi tu kutoka kwao Terre Haute, na ukumbi ulijaa. Walipoteza 79-77 kwa Seton Hall. Kwa wiki tatu mji ule ulikuwa na furaha ambayo raundi moja ya NCAA na kipigo cha pointi 20 isingewapa.

Halafu kocha Josh Schertz akaenda Saint Louis. Avila na Isaiah Swope wakamfuata. Ryan Conwell akaenda Xavier, Julian Larry na Jayson Kent wakaenda Texas. Watano wote wa kikosi cha kwanza, wamekwishaondoka. Msimu uliofuata Indiana State walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Zile saa za mazoezi walizozipata Machi zikaenda kuvinufaisha vyuo vingine. Ndiyo maana siku hizi, nikiulizwa kama NIT inajenga timu ya chuo, nasita. Naona zaidi inawajenga wachezaji, mmoja mmoja, na thamani yao inaondoka nao.

Kuna faida moja ya NIT isiyosemwa sana: ni maabara ya kanuni. Mwaka 2018 walijaribu humo mstari wa pointi tatu wa umbali wa kimataifa, ule wa FIBA tunaochora kwenye viwanja vyetu, na msimu wa 2019-20 ukawa mstari rasmi wa vyuo vya wanaume.

Upande wa fedha sina mengi, kwa sababu hakuna mengi. Kila mechi ya NCAA inaiingizia ligi ya chuo kiasi cha dola milioni mbili, zikilipwa kwa miaka sita. Mashindano madogo hayana kitu cha kufanana na hicho, na kwenye CBI chuo chenyewe ndicho kinacholipa makumi ya maelfu ya dola ili kicheze. Crown ilijaribu kugeuza hesabu hiyo: mwaka 2025 iliweka dola 500,000 kwa ajili ya wachezaji, na 300,000 kati yake zikaenda kwa Nebraska waliotwaa kombe kwa kuifunga UCF. Ni akili ya kibiashara. Kama kijana anahesabu siku za dirisha, mpe sababu ya kusubiri inayohesabika.

Kwa hiyo mzazi akinipigia, tunapitia kikosi jina kwa jina. Kama kijana wake ni mwaka wa kwanza au wa pili, anapata dakika chache, na wale wa mbele yake tayari wametangaza kuondoka, namwambia acheze hata hiyo CBI, kwa sababu dakika zao zinamwangukia yeye na makocha wa vyuo vingine wanatazama. Kama ni mwaka wa mwisho na goti linamsumbua, apumzike. Na kama kocha wake naye yuko mbioni kuhama, hilo ndilo la kulizungumza kabla ya NIT yoyote.